Mpini Wenye Uzi Mwekundu

Ulikuwa mwaka ule tuliokula mapapai mabichi. Tuliyamenya, tukayakatakata, tukayachemsha na chumvi, na watoto wakala huku wakiuliza viazi hivi vimetoka shamba gani. Muthokoi ulikuwepo, lakini bila maharagwe wala mbaazi, mahindi yaliyokobolewa peke yake kwenye sahani, meupe kama meno ya maiti. Baadaye yakaja mahindi ya njano ya msaada, yakatujaza upepo tumboni hata kanisani tukawa tunaimba kwa tahadhari. Mwaka huo ndio Fundi alipokuja kwangu kuomba kamba.

Simtaji jina. Katika soko la Machakos mafundi walikuwa wengi, wa viatu, wa saa, wa majiko, lakini ukisema Fundi na usiongeze kitu, ni yeye. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikuuliza. Mtu akitazama kazi yako kabla ya kukutazama uso, humuulizi ukoo. Unatazama mikono yake, basi.

Kazi yake ilikuwa magongo ya kriketi. Cheka, hata mimi nilicheka. Kriketi ni mchezo wa watu waliovaa nguo nyeupe na hawana haraka. Mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe, mwenzake anaupiga kwa gongo pana kama mwiko wa kusongea ugali wa matanga, na wengine wote wanasimama juani wakingoja. Halafu wanakunywa chai. Niliutazama mara moja kwenye televisheni ya jirani, nikamaliza kusuka kitako cha kiondo, kikapu chetu cha katani, kabla mtu yeyote hajashinda.

Fundi alijifunza kazi hiyo Nairobi, kwa mfanyabiashara wa vitu vya michezo, kisha akarudi nyumbani na randa, na jiliwa, na ubishi. Alifungua kibanda nyuma ya soko. Klabu na shule za Nairobi zilimtumia magongo yaliyovunjika, yamefungwa kwenye magunia kama wagonjwa, naye aliyatibu. Karibu yote yalivunjika mahali pamoja, shingoni, pale mpini unapoingia kwenye ubao. Mpini wenyewe ni fimbo za henzirani za ng'ambo zilizogandishwa pamoja, na raba imepitishwa katikati ili mpira usiume mikono. Ukivunjika anatoa, anaweka mwingine. Hiyo ilitosha kumlisha. Lakini Fundi alikuwa na ugonjwa wake. Alitaka mpini usiovunjika, na alitaka utoke mikononi mwake, hapa hapa, Machakos.

"Mpini wa jembe unataka ugumu," aliniambia. "Wa kriketi unataka kuwa kama mke mwenye akili. Unapinda, haukatiki."

Nikamjibu, "Mke mwenye akili hapindi, Fundi. Anaondoka."

Alicheka. Kicheko chake kilikuwa kizuri, hilo nampa. Na meno yake yalikuwa mazuri, meupe, marefu, yaliyopangwa kama mahindi kwenye gunzi la mwaka wa mvua. Meno hayo yalikuwa chombo cha kazi. Akimaliza mpini anauweka mdomoni, anauuma ncha, anafumba macho, kisha anagonga ubao kwa nyundo ya mti na kusikiliza ndani ya kichwa chake. Wateja walidhani ana wazimu. Yeye alisema, "Mkono hudanganya. Jicho hudanganya. Jino halidanganyi." Alisema hivyo mara nyingi sana, na mimi niliamini, mpaka siku nilipokumbuka kwamba jino linakaa nyumba moja na ulimi.

Alivaa shati jeupe la wachezaji kila siku, kwenye gundi, kwenye vumbi la mti, na lilibaki jeupe. Sijui alifanyaje. Kucheza hakujua. Vijana walimrushia mpira siku moja audake, ukampiga kifuani, akakaa chini kama mwanamke aliyeletewa habari mbaya. Lakini mpini ulipokuwa mkononi mwake alijua utakufa lini.

Alijaribu kila kitu kilichowahi kufunga kitu. Alizungushia fimbo zile ngozi mbichi ya mbuzi. Ilipokauka ikaminya mpini mpaka ukajikunja kama mkia wa mbwa. Alijaribu nailoni za nyavu mbovu za wavuvi wa Masinga. Alijaribu singa za mkia wa ng'ombe, na nzi wakahamia kibandani. Alijaribu mabaki ya faiba ya kioo kutoka kiwanda fulani kule Athi River, akajikuna mwezi mzima mpaka jirani wa viatu akamwambia aende hospitali ya watu wenye upele. Vyote alivilowesha kwenye ile gundi ya faiba wanayozibia mabodi ya matatu, yenye harufu ya kitunguu kilichooza ndani ya petroli. Kisha alivipeleka nyuma ya kibanda, kwenye tairi la lori lililofungwa kwenye nguzo, akapiga. Paa! Paa! Mpaka mpini useme ukweli. Karibu yote iliusema.

Na usidhani alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi. Mwaka huo wa mapapai alikuwa akipita alfajiri na kuweka kimfuko cha unga kwenye milango ya wajane, habishi hodi, haachi neno. Nilimfuma kwenye mlango wa jirani yangu. Akaweka kidole mdomoni. "Usinitangaze, Mama Mutheu. Mkono unaotoa usijue kupiga ngoma." Mutheu ni binti yangu wa kwanza. Nikanyamaza, nikamheshimu. Mtu huyo huyo aliyetoa unga bila kutaka jina, ndiye aliyekuja kuninyima jina langu. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi, na sijauona mshono wake.

Sasa, kamba. Siku aliyokuja alikuta kiondo changu kikubwa kimewekwa chini ya dirisha, kile tulichobebea mawe ya kujengea kanisa.

"Hii kamba ilibeba mawe yote yale?"

"Ilibeba mawe, ilibeba maji, ilibeba mzee aliyevunjika mguu. Unataka nini?"

"Nataka niiue."

"Iue. Ukishindwa utaninunulia sukari."

Akaenda nacho. Aliufunga mshipi wa kiondo kwenye boriti ya kibanda na kuning'inia kama popo, na shati lake jeupe. Iliyolia ni boriti. Alirudi jioni na sukari, na macho ya mtu aliyeona malaika.

Katani tunaitengeneza sisi wanawake, na tunaisokota pajani. Unakaa chini, mguu umeunyoosha, unaweka nyuzi mbili, unazisukuma mbele kwa kiganja, kila moja inajizungusha peke yake. Unazirudisha nyuma, zinakumbatiana. Mbele, nyuma, siku nzima, huku unasengenya. Tulikuwa watatu, mimi na jirani zangu wawili. Fundi alichukua kamba yetu nyembamba, akailowesha gundi, akaizungusha kwenye henzirani, akangoja ikauke. Mipini ikatoka mizuri, inang'aa kama asali. Kwenye tairi ikafunguka kama maganda ya mahindi.

Alikuja mbio. "Katani yenu imeoza!"

"Iliyooza ni gundi yako," nikamwambia. "Kiondo changu kimefunguka lini?"

Tukawa tunagombana hivyo, na jirani yangu anaendelea na kazi yake kana kwamba tunaimba. Akachovya kidole kwenye mkebe wa mafuta, akajipaka pajani, akaendelea kusokota. Fundi akautazama ule mkebe kama mtu aliyeona nyoka kwenye kitanda cha mtoto.

"Hayo ni nini?"

"Mafuta," jirani akasema. "Unataka nijichune?"

Kila mwanamke anajipaka. Katani inauma, inachoma ngozi. Mama yangu alijipaka mafuta ya mbuzi, sisi tulijipaka ya dukani. Ni kitu tunachofanya bila kukifikiria, kama kupumua. Na kamba ilikunywa mafuta hayo kila siku, na gundi ilikuwa ikiteleza juu yake.

"Gundi na mafuta!" Fundi alipiga kelele. "Mmewaoza wake wenza na mnataka walale kitanda kimoja!" Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mavumbi na shati lake, na sisi tukacheka naye. Nikikumbuka siku moja nzuri ya mtu huyo, nakumbuka hiyo.

Akatuomba tusokote pakavu. Jirani mmoja akasema paja lake ni la mumewe. Wa pili akasema la kwake si la mumewe tena lakini si la kriketi pia. Wakaondoka. Nilibaki mimi, kwa sababu Fundi alitikisa kichwa akasema, "Basi. Najua hakuna mwanamke anayeweza." Mimi ukiniambia siwezi, umeniajiri.

Siku za kwanza ngozi iliwaka. Kisha ikachubuka, kamba ikawa inatoka na wekundu wangu juu yake, Fundi akaniambia niioshe. Kisha pakaota sugu, kavu, ngumu kama kisigino. Iko hapo mpaka leo, juu ya goti la kulia. Wajukuu wangu, na ninao wengi, na mmoja ni nesi, wanaigusa na kuuliza, "Hii ni nini, susu?"

"Kriketi," nawaambia.

Alinilipa kazi yangu. Sisemi hakunilipa, na hilo halikuwa neno.

Mpini wa kwanza wa kamba kavu aliupiga kwenye tairi asubuhi yote. Watu wa sokoni wakaja kutazama. Ulipinda, ukarudi. Ukapinda, ukarudi. Akampa kijana wa machinjio mwenye mikono kama magogo naye apige, na kijana akasema hasikii umeme viganjani. Ndipo Fundi akauuma, akafumba macho, akagonga. Alipoutoa mdomoni, macho yalikuwa na maji.

"Unaimba," akasema.

Sasa, kwetu kila msukaji ana alama. Huandiki jina kwenye kiondo, unaweka kitu chako kwenye mdomo wake, na wanawake wakikiona sokoni wanajua ni nani. Cha kwangu ni uzi mmoja mwekundu, mzunguko mmoja tu, si miwili. Nikamwambia Fundi, weka uzi wangu shingoni, pale mipini ilipokuwa inavunjika. Aliuweka kwa mkono wake, akauwekea gundi juu, ukaonekana kama mshipa wa damu ndani ya asali. Akasema mbele ya watu wote waliokuwepo, mwenye viatu na kijana wa machinjio, "Kitu kinachomficha mama yake hakina adabu."

Nilienda nyumbani siku hiyo nikitembea katikati ya barabara.

Basi nikawa nakaa mlangoni mwa kibanda chake kwenye gunia langu, mguu nje, nasokota. Ndio wakati redio ilipokuwa inatangaza kriketi ya Kenya asubuhi na jioni, hata wauza sukuma wiki wakajua majina ya wachezaji. Na siku moja likaja gari safi kutoka Nairobi, akashuka mgeni, mzee wa nywele nyeupe, mtu mkubwa wa kriketi, anayechagua magongo ya wachezaji. Alikuwa na adabu. Alivua miwani kabla ya kusalimu.

Fundi alikuwa ameuandaa mpini. Mipini yote huvishwa mpira mweusi ili mkono usiteleze, hilo najua, halinikasirishi. Lakini huo wa mgeni aliuvuta mpira mpaka chini kabisa, ukameza shingo, ukameza wekundu wangu. Nilimwona akiuvuta. Nikadhani mkono umeteleza.

Mgeni akalikamata gongo, akalipiga hewani, akalipiga kwenye tairi. Akatikisa kichwa, kule kutikisa kwa kusifu.

"Umeweka nini ndani?"

"Faiba, bwana," Fundi akasema. "Ya ng'ambo. Inakuja na meli."

"Nzuri mno. Ndio maana." Akageuka, akaniona mimi hapo chini, na donge la katani mapajani. "Na huyu mama?"

Fundi hakunitazama. Alikuwa anafuta ubao uliokuwa safi.

"Huyu? Huyu ananifagilia."

Mgeni akainama kidogo, akanisalimu kwa huruma, "Kazi njema, mama." Nikaitika. Sikujua kinywa changu kingeweza kuitika, lakini kiliitika.

Gari lilipoondoka Fundi alikuwa anaruka kama mtoto. "Wanataka mingine! Wanataka mingi!" Akaniletea mzigo mpya wa katani nyeupe, akauweka mapajani mwangu. Aliponiona uso, akashusha sauti. "Sasa, Mama Mutheu, ulitaka niseme nini? Watu wale wakisikia katani wanaona gunia la mahindi. Nani atashika gunia?"

"Wewe ulilishika."

"Mimi ni mtu wa hapa. Elewa. Ni maneno tu."

Nikauweka ule mzigo chini. Nikasimama, na kusimama kulinichukua muda kwa sababu ya mguu. Nikachukua ufagio nyuma ya mlango. Nikafagia kibanda chake kutoka kona mpaka kona, chini ya meza, chini ya jiliwa, nikakusanya vumbi la mti na vipande vya kamba yangu mwenyewe, nikafanya kichuguu kizuri mbele ya viatu vyake. Nikaegemeza ufagio ukutani.

"Mimi ni mfagiaji, Fundi. Mfagiaji hasokoti kamba."

Alidhani natania. Kesho yake ule mzigo wa katani ulikuwa langoni kwangu. Nikaisokota, ndiyo, kwa mafuta mengi, nikamfungia mbuzi.

Alizunguka kwa wanawake wengine mpaka Kithimani. Walimtazama, wakatazama mapaja yao, wakamwambia kapige hodi mbele. Akanunua kamba ya kiwandani, na ile ya kiwandani imepakwa mafuta ya mashine ili isioze. Aliiosha kwa sabuni, akaiosha kwa petroli, akaianika. Kwenye tairi ilionekana nzuri, naye alikuwa na haraka. Mikononi mwa wachezaji ikafunguka. Magongo yakarudishwa yote kwa lori, yametupwa hovyo, bila hata salamu. Mwenye viatu alinihadithia. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi mchana kutwa, na jioni nikarudisha chakula changu sufuriani.

Aliendelea kuweka unga kwenye milango ya wajane miaka ya njaa. Mimi nikawa mjane katikati ya miaka hiyo. Asubuhi moja nikakikuta kimfuko kwenye mlango wangu. Nikawapa kuku.

Miaka ikapita. Simu zikafika mpaka kwa wachungaji wa mbuzi, na boda boda zikawa nyingi kuliko punda. Alasiri moja, boda boda ikasimama langoni kwangu, nyuma yake mzee amemkumbatia dereva kama mtoto aliyelala. Shati jeupe. Alishuka akikohoa kikohozi cha gundi, kirefu, chenye vyumba vingi. Alipotabasamu niliona mdomo mtupu. Hakubaki hata jino moja.

Nilimpa kiti. Mjukuu wangu Ndanu akamletea maji ya kunawa. Mtu akifika kwangu ananawa na anakula, hata awe nani. Siku hiyo ilikuwa muthokoi, na maharagwe yalikuwepo, na mbaazi zilikuwepo. Hakuweza kutafuna. Nikauponda kwa mwiko, nikamrudishia.

Baada ya kula akafungua gunia, akatoa mpini. Nilijua kabla hajaufunua. Ule wa kwanza. Hakuwahi kuuuza. Mpira mweusi alikuwa ameubandua, na shingoni uzi wangu ulikuwepo, umefifia, rangi ya mdomo wa mtoto. Akauweka kwenye fizi, akagonga kwa kidole.

"Sisikii tena," akasema. "Lakini wewe usokote, nitaona kwa macho. Nataka mmoja wa mwisho, Mama Mutheu. Ubao ninao. Yule mgeni alinipigia simu, ananiuliza kama bado naweza. Anataka kuuweka mahali pa maonyesho, watu waje watazame."

"Kumbe yuko hai."

"Yuko. Amezeeka kama sisi."

"Ulimwambia ni katani? Ulimwambia ilisokotwa wapi?"

Alimtazama kuku aliyekuwa akidonoa karibu na kiatu chake. "Baada ya miaka hii yote? Nimwambie nilimdanganya?"

"Ndiyo. Hivyo tu. Simu unayo mfukoni. Mpigie, mimi nikiwa hapa nasikia."

Akaitoa. Ndanu alisimama na sahani mikononi, hakwenda popote. Na mimi, niseme tu, mguu wangu wa kulia ulikuwa umeanza kunyooka wenyewe, umejua kabla yangu. Angepiga, ningekaa chini pale pale kwenye udongo na kuomba katani. Fundi akaisugua ile simu kwa kidole gumba, polepole, kama anavyotafuta ufa kwenye mti. Kisha akairudisha mfukoni.

"Ataniona vipi?" akauliza.

"Kama alivyoniona mimi."

Alifunga mpini wake kwenye gunia, Ndanu akamsaidia kufunga fundo. Nikamsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa. Tulisimama tukingoja boda boda, wazee wawili, gunia katikati yetu. Ilipofika, akaweka mguu juu, akasita, akageuka.

"Basi uzi mmoja tu, Mama Mutheu. Wa shingoni. Ule mwekundu."

"Mimi ni mfagiaji, Fundi. Mfagiaji hasokoti kamba."